Sifuri Iliyojificha: Kisanduku cha dp 90 na Akiba ya Mtu wa Busia

Mtunza hazina alisoma kwa sauti kutoka kwenye simu yake: laki moja na arobaini na tano elfu. Mwenye akiba, mzee mmoja, akasimama. Yeye alikuwa ameweka milioni moja na laki nne na nusu, kidogo kidogo tangu mavuno, na alikuwa akiijua hesabu yake kama anavyojua majina ya watoto wake. Noti kubwa kuliko zote Uganda ni ya elfu hamsini. Akiba yake ilikuwa noti 29. Iliyosomwa mbele ya wenzake haifiki hata noti tatu.

Chama chenyewe ni cha wauza nafaka wa Busia, upande wa Uganda, watu wanaokaa hatua chache kutoka mpakani na kuuza mahindi na maharage pande zote mbili. Programu ya simu wanayotunzia hesabu niliitengeneza mimi. Kwa hiyo kosa ninalolieleza hapa ni langu, na linakaa kwenye mistari miwili mitatu ya aina ambayo wengi wetu tumewahi kuiandika tukiwa na haraka.

Jioni ile simu yangu ikaita. Tukasalimiana, kisha Hajati, mtunza hazina, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake.

"Mwanangu, programu yako leo imenifanya mwizi."

Nikaifungua programu kwenye simu yangu, nikiwa Kampala. Jina la yule mzee lipo, na mbele yake 1450000. Tarakimu saba, zote zipo. Nikaangalia hifadhidata, iko sawa. Nikamwomba anipigie picha skrini yake anitumie. Ikaja: 145000. Hakukuwa na nukta tatu za kuonyesha kwamba kuna kilichokatwa. Hakukuwa na tarakimu iliyobaki nusu ukingoni. Ilikuwa namba safi kabisa, imekaa katikati ya nafasi yake kama shahidi aliyefundishwa vizuri, na ilikuwa uongo.

Usiku huo niliupoteza wote. Nilidhani simu yake haikuwa imepokea data mpya, nikapekua kumbukumbu za seva hadi saa tisa, nikamfanya Hajati afute programu na kuiweka upya. Ilipowekwa upya ikaonyesha 145000 ileile. Asubuhi nikapanda taksi, karibu kilomita 200 hadi Busia, na njiani nilikuwa bado nawaza seva.

Jibu lilichukua dakika moja tulipoweka simu mbili juu ya gunia la maharage, yangu na yake, ubavu kwa ubavu. Maandishi yake yalikuwa makubwa. Siku simu iliponunuliwa, mwanawe aliingia kwenye mipangilio akavuta ukubwa wa maandishi hadi mwisho, mara 1.3 ya kawaida, ili mama asome bila miwani. Tangu hapo hakuna aliyegusa.

Sasa hesabu. Kwenye Android vipimo vya skrini huandikwa kwa dp, na dp 160 huhesabiwa kuwa inchi moja, ili kitu kisibadilike ukubwa kwa sababu tu simu moja ina pikseli nyingi kuliko nyingine. Maandishi yana kipimo chake, sp, ambacho ni sawa na dp mpaka pale mwenye simu anapokuza maandishi. Hapo sp inakua naye, dp inabaki palepale. Mimi nilikuwa nimekipa kiasi cha akiba maandishi ya sp 20 ndani ya kisanduku cha upana wa dp 90. Katika fonti ya Roboto tarakimu moja huchukua kama asilimia 56 ya ukubwa wa maandishi. Kwa sp 20 ni dp 11.2; tarakimu saba ni 78.6. Zinaingia, na nafasi inabaki. Kwenye simu ya Hajati sp 20 imekuwa dp 26, tarakimu moja 14.6, saba ni 102. Haziingii. Lakini sita ni 87.6, na hizo zinaingia.

Hapo ndipo sifuri ilipoangukia. Nilikuwa nimeandika maxLines="1", nikimaanisha "kaa kwenye mstari mmoja". Android haikuelewa hivyo. Iliipanga namba kama inavyopanga neno lolote refu: lilipogonga ukuta ikalivunja, tarakimu sita juu, sifuri moja mstari wa pili. Kisha ikanitii: ikaonyesha mstari mmoja tu. Mtu angeweza kuhisi kwamba simu imefanya ujanja, lakini imefanya nilichoandika. Laiti ningeongeza agizo la kuweka nukta tatu pale maandishi yanapokatwa, Hajati angeziona nukta hizo mwishoni mwa namba na angejua kuna kitu kimefichwa. Na nukta tatu kwenye pesa bado ni aibu, ila ni aibu inayojitangaza.

Kwa nini hakuna aliyeona tangu mwanzo? Swali hili lilinisumbua kuliko kosa lenyewe. Wanachama wengi wana akiba isiyofika milioni, yaani tarakimu sita, na tarakimu sita kwenye simu ya Hajati zilienea zikabakiza dp 2.4. Kosa lilikuwa limejificha juu ya milioni, ambako watu ni wachache na pesa ni nyingi. Na kuna uvivu wangu mwingine uliolilinda: sikuweka mikato ya kutenganisha maelfu. Niliimwaga namba kwenye skrini kama ilivyotoka kwenye hifadhidata. Nimepiga hesabu baadaye. Kama ningeiandika 450,000 kwa mkato, kwenye simu ile ingehitaji kama dp 93, na siku ya kwanza tu ingesomeka 450,00, na kila mwanachama mwenye laki moja kwenda juu angekatwa vivyo hivyo. Hajati angenipigia simu kabla ya chai. Mkato mmoja ungevunja kila kitu wazi, na kuvunjika wazi kungeniokoa.

Mtu wa nchi jirani huenda akashangaa tarakimu saba zinatafuta nini kwenye orodha ya wauza mahindi. Shilingi yetu ina sifuri nyingi. Waganda wenyewe wana neno la elfu kumi, omutwalo, kwa sababu bila hilo mazungumzo ya bei yangechosha. Mtengeneza programu anayejaribu skrini zake kwa "500" au "1,200" anajaribu programu ya nchi nyingine.

Lakini nilikuwa sijafika mwisho wa kisa. Nikamuuliza Hajati: huyu mzee si ana risiti? Kila malipo yakipokelewa, programu hutoa risiti kwenye kile kiprinta kidogo cha mkononi. Akanitazama. Risiti hajawahi kutoa hata moja. Kiprinta kilikuwa kabatini kwenye kasha lake.

"Nitoe na kitufe gani? Hiki kinasema *Toa*. Mimi nitoe hela za watu?"

Nikaangalia. Kitufe kiliandikwa "Toa risiti". Mwanzo, programu ilipokuwa kwa Kiingereza, kilisema "Print", neno moja fupi. Chama kikaomba Kiswahili, na kwa haki: katika kikao kimoja kuna Msamia, Mgwe, Muiteso na Mganda, na lugha ya gulio lao ni hiyo. Katiba iliitambua kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likaisukuma tena mwaka 2022, lakini Busia hawakungoja baraza. Nikatafsiri maneno, nikaacha visanduku vyake vilivyo. Kitufe kilikuwa na upana wa dp 88 na kimo cha dp 40, na pembeni dp 16 kila upande za kupumulia, kwa hiyo maandishi yalibakiwa na dp 56. "Toa risiti" kwa ukubwa wa kawaida ilienea kwa shida. Ilipokuzwa mara 1.3, "risiti" ikaporomoka mstari wa pili, na mstari wa pili ulikuwa chini ya sakafu ya kitufe. Ukikodoa macho uliona vichwa vya herufi vimechungulia kama vitoto vya panya. Kilichosomeka ni "Toa".

Mwanamke mwenye dhamana ya pesa za watu akiona kitufe cha "Toa" kando ya akiba ya kila mtu, afanye nini? Alifanya alilopaswa kufanya, hakukigusa. Na kwa kutokigusa, siku ya ugomvi hapakuwa na karatasi hata moja ya kumsaidia.

Nataka kukaa kidogo kwenye jinsi simu inavyogawa nafasi, kwa sababu kilichofuata hakieleweki bila hilo. Kila kitu kwenye skrini kina mzazi, yaani kisanduku kinachokibeba. Wakati wa kupima, mzazi humpelekea mtoto mojawapo ya kauli tatu. "Upana wako ni huu, basi." Au, "Chukua unachohitaji, ila usivuke hapa." Au, "Sema mwenyewe unataka kiasi gani," kauli ambayo hutolewa zaidi na visanduku vya kusogeza juu na chini, maana vyenyewe havina mwisho. Mtoto hujibu kwa kipimo, na mzazi humpangia pa kukaa. Ukiandika match_parent umesema mtoto alingane na mzazi. Ukiandika wrap_content umesema mtoto atoshe kilichomo ndani yake, kwa ruhusa ya mzazi. Ukiandika dp 90 umewafunga mdomo wote wawili: mzazi hana la kusema, na yaliyomo hayaulizwi.

(Hiyo match_parent hadi mwaka 2010, kabla ya Android 2.2, iliitwa fill_parent, "jaza mzazi". Wanafunzi waliielewa kuwa ni kujaza nafasi iliyobaki, kumbe ni kuwa na ukubwa wa mzazi hata kama ndugu zako wamekwisha kukaa. Jina lilibadilika. Kosa bado nalikuta kwa vijana kila mwaka.)

Mstari wangu wa orodha ulikuwa na watoto watatu: jina la mwanachama dp 110, akiba dp 90, kitufe dp 88. Jumla 288. Ongeza dp 16 za kingo kila upande, unapata 320 kamili. Haikuwa bahati. Niliichora kwenye simu kuukuu yenye pikseli 480, ambayo upana wake ni dp 320, nikaona inakaa sawasawa, nikafurahi. Simu ya Hajati ina pikseli 720 kwa msongamano wa pikseli 320 kwa inchi, yaani dp 360. Maana yake, wakati sifuri ya yule mzee inasukumwa nje kwa kukosa dp 12, palikuwa na dp 40 tupu upande wa kulia wa mstari uleule. Ni kama mwenye nyumba anayemlaza mpangaji nje ilhali ana muzigo mzima, chumba cha kupangisha, hauna mtu, kwa kuwa daftari lake limeandika hivyo.

Palepale kwenye gunia nikafungua kompyuta nikabadilisha akiba kuwa wrap_content, nikaongeza mikato, nikamwekea Hajati toleo jipya. 1,450,000. Akamwita yule mzee aone. Nikanywa chai nikijiona daktari.

Daktari huyo aliaibika kabla hajaondoka. Katibu wa chama alikuja na simu yake ndogo, ya dp 320, na yeye pia anapenda maandishi makubwa. Jina likachukua 110 zake, akiba sasa ikachukua kama 113, na kitufe, ambacho bado kilikuwa na 88 za lazima, kikabaki na nafasi ya 65. Mtoto aliyepewa kipimo cha lazima hajipunguzi, huenda alivyo. Kitufe kikatoka nje ya mstari kwa dp 23 na kukatwa kama mkono wa shati kwenye mlango wa gari. Nilikuwa nimetibu namba kwa kumhamishia ugonjwa jirani yake.

Nikajaribu njia ya pili, ambayo wengi huipenda: maandishi yanayojipunguza yenyewe hadi yaenee. Android inayo tangu toleo la 8. Ilifanya kazi, namba ikawa ndogo ikaenea. Nikaiondoa baada ya dakika tano. Mtu amekwenda kwenye mipangilio ya simu yake akasema macho yangu yanataka maandishi makubwa, nami kwa kuwa nimechora kisanduku kidogo namrudishia madogo, na yale madogo ni yaleyale ya pesa. Ni ujeuri. Sisemi mbinu hiyo haina mahali pake. Kwenye kichwa kikubwa cha mapambo, itumie. Na hata hapo usiichanganye na wrap_content, maana moja inauliza kisanduku kina ukubwa gani ili ijipunguze, na nyingine inauliza maandishi yana ukubwa gani ili ijipanue, na majibu yake hayatabiriki.

Tatizo langu halikuwa kipimo kipi kiwe ngapi. Nilikuwa sijaamua kitu cha msingi zaidi: nafasi ikipungua, nani aanze kujibana? Jina, pesa, au kitufe? Kwa kuwa mimi sikuamua, simu iliamua, kwa kufuata nilivyopanga mistari. Apple walilipa swali hili namba waziwazi: kwenye iPhone kila kijenzi kina kiwango cha kukataa kubanwa, kutoka 1 hadi 1000, na kwa kawaida huanzia 750. Mwenye kiwango cha chini ndiye anayebanwa kwanza. Kwenye Android jibu limefichika zaidi, liko kwenye kile kinachoitwa uzito: mtoto asiye na uzito hupimwa kwanza akachukua anachohitaji, kinachobaki hugawiwa wenye uzito. Compose, mfumo mpya wa kuchora skrini za Android, nao hufuata kanuni hiyohiyo katika safu zake. Kwa hiyo kumpa mtoto uzito, licha ya jina lenyewe, ni kumwambia asubiri.

Nikamuuliza Hajati, si kwa lugha hiyo. Nikamwambia, mama, simu ikiwa nyembamba, kipi kikatwe? Hakufikiri hata kidogo.

"Jina. Watu wote hapa nawajua. Ukiniandikia herufi tatu namtambua. Hela siijui mpaka niisome yote."

Mimi ningejibu vingine. Ningesema kitufe, maana kinaweza kuwa picha ndogo. Lakini yeye ndiye anayesoma mbele ya watu.

Toleo la tatu likafuata neno lake. Jina likapewa upana wa sifuri na uzito wa 1, yaani chukua kitakachobaki. Liruhusiwe mistari miwili, kisha nukta tatu. Akiba ikawa wrap_content, bila ukomo wa mistari, ili hata siku ikikosa nafasi kabisa ishuke chini badala ya kuzimwa. Kitufe nikakishusha ghorofa ya pili, chini ya jina, wrap_content kwa upana, na kimo si cha lazima tena bali cha chini kabisa dp 48, kipimo ambacho Google wenyewe hushauri kwa kitu cha kuguswa na kidole. Dp 40 zangu hazikuwa zimefika hata hapo. Mstari mzima nao ukaacha kimo cha kudumu. Maneno ya kitufe nikayabadilisha kuwa "Risiti", kwa sababu hata yakikatwa siku moja, "Ris" haimaanishi kumwaga pesa za mtu.

Kisha nikaijaribu kwa mabaya yote kwa pamoja, jambo nililopaswa kulifanya mwaka uliopita: simu ya dp 320, maandishi makubwa kabisa, jina refu kuliko yote kwenye daftari lao, akiba ya mamilioni, Kiswahili kisha Luganda. Tangu Android 14 maandishi yanaweza kukuzwa hadi asilimia 200, kwa hiyo nikapiga hesabu ya hapo pia. Hata tukisema yanakua sawasawa bila kupunguzwa makali, 1,450,000 ingehitaji kama dp 173 kati ya 288, na jina lingebakiwa na 115. Linasomeka. Hajati angelitambua kwa nusu yake.

Gharama ipo. Zamani skrini moja ilionyesha watu wanane, sasa watano, na katibu analalamika kila tukikutana kwamba kidole chake kinachoka kusogeza. Nimemwambia ukweli: wale wanane walienea kwa sababu mmoja wao alikuwa amenyang'anywa sifuri.

Yule mzee alisomewa akiba yake upya Jumapili iliyofuata. Hajati alitoa kiprinta kwenye kasha, akabonyeza, karatasi ikatoka, akampa bila neno. Mzee aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati.

Mimi nilipanda taksi kurudi Kampala, na kabla ya Iganga nilikuwa nimefungua kompyuta mapajani kutafuta dp nyingine za lazima nilizoziacha humo. Skrini ya mikopo inazo. Jumla ya mikopo ya chama kizima, tarakimu nane, imekaa kwenye kisanduku cha dp 100.

Nikampigia Hajati nikiwa njiani, nikamwomba ile ya mikopo asiisome kwa mtu yeyote mpaka Jumatano.